Ukicheza Nyeusi: Mlinde Askari wa Kati



Katika sataranji, mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza. Mwenye nyeusi hufuata. Wengi wenu mkipewa nyeusi mnakimbia ovyo, na kabla hamjakaa sawa kati pameshachukuliwa. Mwezi huu tutazame njia moja ya kujikinga. Inaitwa Ulinzi wa Kislavu.

Tandika ubao. Kila safu iliyosimama ina herufi yake, a mpaka h, kuanzia kushoto kwa mweupe. Kila safu iliyolala ina namba, 1 mpaka 8, kuanzia kwake pia.

Mweupe anasogeza askari wa mbele ya malkia mpaka d4. Wewe weka wako d5. Wamezuiana. Sasa mweupe analeta askari wa pili, c4. Huyu ndiye wa kuangaliwa. Anataka kumla askari wako wa d5. Ukirudishia kwa malkia, farasi wa mweupe atatoka c3 na kumfukuza. Ukirudishia kwa farasi, askari atakuja e4 na kumfukuza. Mwenzako anajenga, wewe unahama.

Basi sogeza askari c6. Mweupe akila, nawe unakula kwa askari. Kati bado una mtu.

Mtauliza, kwa nini si e6? Hiyo nayo inalinda, tena vizuri. Lakini inamzibia njia askofu wako wa c8, yule aendaye mshazari kwenye miraba myeupe. Anabaki kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini wenzake wakiwa malishoni. Mimi napenda c6 kwa sababu hiyo: askofu anaweza kwenda f5.

Lakini asitoke mapema mno! Hapa wengi huumia. Tuseme mweupe ametoa farasi wawili, f3 na c3. Wewe umetoa mmoja, f6. Ukimtoa askofu sasa, mweupe atakula d5, utarudishia, kisha malkia wake atakwenda b3. Hapo anamwinda askari wa b7, ambaye alilindwa na askofu huyo huyo. Tena anamwinda wa d5, akisaidiwa na farasi wa c3. Mara nyingi askofu hurudi c8, na zamu mbili zimepotea bure.

Dawa yake ni hii. Kwanza kula askari wa c4. Mweupe akizubaa, utasogeza b5 kumlinda askari wako aliyefika c4. Ndiyo maana wazoefu husukuma a4 kuzuia. Sasa ndipo umtoe askofu f5. Malkia hawezi kuja b3, maana askari wako wa c4 atamla. Baadaye mweupe atamla askari huyo. Mwache, mmelipana. Wewe sogeza e6. Askofu wa kwanza yuko nje tayari, na wa pili amepata njia ya kwenda b4. Askari wa a4 amekwisha kupita, hawezi kumfukuza hapo.

Mwaka 1935, huko Uholanzi, Alexander Alekhine na Max Euwe walipigania ubingwa wa dunia. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa ulinzi huu. Euwe alikuwa na nyeusi, akashindwa. Lakini mpaka mwisho wa michezo 30, mwalimu huyo wa hesabu alikuwa na pointi 15½, mwenzake 14½. Akawa bingwa.

Mwezi ujao: mweupe anapokula d5 mapema.