Kurejesha Rangi ya Grauti Bafuni

Grauti, ile saruji ijazayo nafasi baina ya vigae, ina vinyweleo. Hunywa maji machafu na povu la sabuni, ikageuka nyeusi hata katika nyumba isafishwayo kila siku. Mama wa nyumba asilaumiwe kwa hilo.

Tuanze kwa kusafisha. Tukoroge bikaboneti ya soda na maji kidogo iwe uji mzito, tuupake kwenye mistari, tuuache dakika 10, kisha tusugue kwa mswaki mkuukuu na kusuuza. Siki na ndimu tuziepuke, kwani ukali wake hula saruji. Na katu tusichanganye dawa ya klorini na siki wala na dawa ya choo yenye asidi: mvuke wake ni sumu, na bafu zetu nyingi ni finyu.

Weusi usipotoka, ndipo tutumie rangi ya grauti. Mistari ikauke kabisa, tupake kwa brashi nyembamba, tufute papo hapo iliyogusa vigae, na bafu lisitumiwe hadi utimie muda ulioandikwa koponi. Kijivu huficha uchafu kuliko nyeupe. Baadaye, tukaushe sakafu kila tumalizapo kuoga au kutia udhu, rangi itadumu.