Runinga Mpya: Pima Chumba, Kisha Pima Deni



Wasomaji wapenzi, swali la juma hili latoka mbali na bahari. Dada yetu aliyeolewa Sirisia, kaunti ya Bungoma, atwambia kuwa runinga yao ya inchi 32 imechakaa. Mumewe ataka ya inchi 55, ambayo dukani hutolewa kwa malipo ya kila mwezi. Yeye ana akiba ya chama itoshayo kununua ya inchi 43 kwa taslimu. Auliza: amwambieje mumewe pasi na kumvunjia heshima?

Dada yangu, anza na kipimo, maneno yatafuata.

Inchi za runinga huhesabiwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo. Inchi 43 ni kama sentimita 109, na inchi 55 ni kama 140. Kanuni ya kawaida ni kuketi mbali kwa mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Basi ikiwa kochi lenu liko mita mbili kutoka kwenye kioo, ya inchi 43 yawatosha kabisa, na ya 55 itawabana.

Pili, ulizeni habari za mawimbi. Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, picha ama huonekana safi ama hukatikakatika, na ukubwa wa kioo hauongezi nguvu za mawimbi. Huko kwenu chini ya Mlima Elgon, ambako vilima huweza kuyazuia, antena nzuri iliyoinuliwa juu huenda ikawafaa kuliko inchi kumi na mbili za ziada. Hakikisheni runinga yenyewe ina kipokezi cha DVB-T2, msihitaji king'amuzi kwa stesheni zisizolipiwa. Mkiendelea na king'amuzi chenu, kiungeni kwa waya wa HDMI ikiwa kina tundu lake; zile waya tatu za rangi huleta picha hafifu, na kioo kikubwa huidhihirisha zaidi. Tengeni pia fedha za kifaa cha kukinga umeme unapopanda na kushuka.

Tatu ni deni, na hapa ndipo penye uzito. Wanavyuoni wengi wameruhusu bei ya malipo ya awamu izidi bei ya taslimu, maadamu bei moja imekatwa tangu mwanzo wa mapatano. Lakini mkataba ukisema kuwa anayechelewa ataongezewa juu ya deni, nyongeza hiyo ni riba. Basi someni karatasi yote kabla ya kutia sahihi, na palipo na shaka muulizeni sheikh wenu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni. Jambo hili si dogo. Wahenga nao walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa, umwambieje? Usimwambie mbele ya watoto wala wakwe. Ngoja ametulia, umwombe mpime chumba pamoja, kisha umwekee hesabu mbili ubavuni: jumla ya malipo ya miezi yote, na bei ya taslimu. Tofauti yake iiteni kwa jina lake: karo, unga, mbolea ya msimu. Mume mwenye busara akiiona hesabu kwa macho yake, hatahisi kuwa ameshindwa na mkewe.

Nawe ujue haki yako. Akiba ile ni mali yako, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Ukichangia, ni hisani yenye thawabu, ukimkopesha, andikianeni. Akikataa yote mawili, weka fedha zako, wala usitie sahihi ya kumdhamini kwa deni usiloliridhia.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.