Cha Bure Kina Mwenyewe

Tangu Macintosh ya kwanza ilipotolewa mwaka 1984, kompyuta za kampuni ya Apple zimekuwa na ukanda mwembamba wa menyu juu ya kioo. Siku hizi, upande wa kulia wa ukanda huo, karibu na saa, hukaa alama za programu ndogo ndogo zifanyazo kazi kimya kimya. Kompyuta hizi si nyingi Visiwani kama zile za Windows, lakini zipo, nyumbani na maofisini, na wenye nazo wana haki ya kujua ni programu zipi kati ya hizo zifaazo bila ya kutoa fedha.

Zifaazo zipo. Itsycal humwonyesha mtu kalenda ya mwezi mzima kwa kubonyeza mara moja tu. Rectangle hupanga nyaraka mbili ubavu kwa ubavu, ili karani asome huku na kuandika huku. KeepingYouAwake huizuia kompyuta isilale kabla kazi ndefu haijakwisha. Stats huonyesha joto la mashine, hali ya betri na kasi ya data inayoingia na kutoka. Na kwa sisi tununuao data kwa vifurushi, hilo si jambo dogo. Idara yenye kompyuta nyingi haina sababu ya kununua kile kipatikanacho bure na kwa halali. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kuwa cha bure si kuwa hakina mwenyewe. Wazee wetu waliokulia baharini walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndivyo ilivyo kwa programu, na haifai kupanda chombo bila ya kumjua aliyekiunda na anayekiongoza. Programu nne tulizozitaja ni huria, yaani maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi ili kila fundi aweze kuyakagua.

Hata hivyo, uwazi peke yake si kinga kamili. Mwezi Machi 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya Transmission, programu huria ya Macintosh, wakaweka humo nakala yenye sumu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Mwaka 2024 nako ilidhihirika kuwa Bartender, programu ya kulipia inayopanga alama za ukanda huo wa menyu, imekwisha uzwa kwa wamiliki wengine bila ya watumiaji kuarifiwa. Programu hiyo hupewa ruhusa ya kuona yaliyomo kiooni. Nahodha alibadilishwa, na abiria hawakuambiwa.

Kwa hiyo tunawataka wakuu wa idara wasiliache jambo hili mikononi mwa kila mtu afanye apendavyo. Kila ofisi na iwe na fundi mmoja mwenye dhamana ya kuchagua programu, kuzichukua kwa watengenezaji wenyewe au katika duka la Apple, na kuzifuatilia baadaye. Asome masharti, kwani nyingine ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Apime kila ruhusa inayoombwa: kalenda haina haja ya kuona kioo kizima, na programu itunzayo kumbukumbu za maneno yaliyonakiliwa yaweza kutunza hata neno la siri. Nakala za mafaili muhimu nazo ziwekwe mbali na mashine.

Wananchi majumbani nao wana wajibu huo huo. Na anayefaidika na kazi ya mtu aliyetoa jasho lake bila ya malipo, akiwa na uwezo, amchangie chochote.

Fedha za umma ni amana, na siri za wananchi ni amana kubwa zaidi. Haitakuwa busara kuokoa ile ya kwanza kwa kuipoteza hii ya pili.