Kungoja Si Kukaa Bure



Mara nyingi tumwombapo Mungu jambo na jibu likachelewa, ulegevu hutuingia. Sala huwa za siku moja moja, Biblia hushika vumbi, nasi twadai kwamba twamngojea Bwana. Lakini askari aliyekutwa amelala lindoni hawezi kujitetea kwamba alikuwa akingojea mapambazuko. Kungoja ni kazi, nayo ina taratibu zake.

Historia ya Uganda yatupa mfano mwema. Mapadri wa White Fathers walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 wakaondoka, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza. Wakristo wao walibaki bila padri wala Misa, wasijue kama mapadri hao watarudi. Miongoni mwao walikuwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa jumba la Kabaka, na Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wake. Wote wawili walikuwa wamebatizwa Aprili mwaka ule ule.

Je, walifanya nini? Walikusanyika kusali na kufundishana katekisimu. Balikuddembe aliwalea vijana wa jumbani katika imani. Maradhi yalipozuka, Kaggwa aliwauguza wagonjwa, akawabatiza waliokaribia kufa, akawazika waliofariki. Mapadri waliporudi Julai 1885, baada ya kungojewa karibu miaka mitatu, walikuta waumini wameongezeka.

Wala kurudi kwao hakukuleta raha. Tarehe 15 Novemba mwaka ule ule Balikuddembe aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga; Kaggwa naye aliuawa Mei 1886. Sala za kila siku ndizo zilizokuwa zimewaimarisha kwa saa ile.

Basi, mama ambaye mumewe yuko kazini mbali, na wewe askari unayengoja habari za nyumbani, jiwekeeni taratibu chache mtakazoweza kuzitimiza. Chagueni saa moja ya sala, alfajiri au kabla ya kulala, na watoto waizoee. Someni sura moja ya Injili kwa siku, kisha nyamazeni kidogo mkiitafakari. Kufunga ni kwema, ila mgonjwa, mama mjamzito au anyonyeshaye, na askari aliye katika zamu nzito wasijidhuru. Wao na wajinyime jambo jingine. Na kila juma mtembeleeni mgonjwa mmoja au jirani mwenye shida, maana anayewahudumia wengine hapati nafasi ya kunung'unika.

Huenda jibu likachelewa, au likaja kwa sura msiyoitazamia. Hata hivyo, likifika na liwakute macho, kila mmoja mahali pake pa kazi.