Hip hop isingefika mbali bila kina dada

Panda matatu yoyote iendayo Umoja au Rongai Jumamosi jioni na usikilize muziki unaopigwa. Ikiwa ni rapu, yaelekea sauti utakayoisikia ni ya mwanamume. Waulize vijana walioketi kiti cha nyuma wakutajie waanzilishi wa hip hop, nao watakutajia majina ya wanaume bila kusita. Ukithubutu kutaja jina la mwanamke, huenda mmoja wao akacheka na kukuambia kwamba huo ni mchezo wa wavulana.

Hilo ndilo tutakalolichambua leo, kwa sababu limezua ubishi katika nyumba nyingi za mijini. Binti anaandika mashairi ya rapu nyuma ya daftari la hisabati. Kaka yake anamcheka, mama anaingiwa na wasiwasi, na baba anatangaza kwamba ndani ya nyumba yake hataki uhuni. Kabla ya kukata kesi hiyo, ni vyema mahakama ya nyumbani isikize ushahidi wote.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Wapenzi wa hip hop huhesabu umri wake kuanzia tarehe 11 Agosti, 1973. Usiku huo kulikuwa na dansi katika ukumbi wa jumba la kupangisha, nambari 1520 Sedgwick Avenue, mtaani Bronx, jijini New York. Aliyecheza santuri alikuwa kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Jamaica, aitwaye Clive Campbell. Dunia yamjua kwa jina la DJ Kool Herc, na sifa zake zimeandikwa katika vitabu vingi.

Lakini je, ni nani aliyeiandaa dansi hiyo? Ni Cindy Campbell, dada yake mdogo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa naye alitaka kununua nguo mpya ambazo wenzake hawakuwa nazo. Akakodi ukumbi, akaandika kadi za mwaliko kwa mkono, akapanga kiingilio kiwe senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana, kisha akamwomba kaka yake alete vyombo vyake vya muziki. Kwa lugha ya leo tungesema Cindy ndiye aliyekuwa promota. Mwondoe msichana huyo katika hadithi, na Herc abaki chumbani mwake akijichezea santuri peke yake.

Kwa miaka 6 iliyofuata, muziki huo uliishi katika kumbi, bustani na kanda zilizopitishwa mkono kwa mkono. Kampuni za kurekodi ziliuona kama upuzi wa watoto wa mitaani. Aliyeona fedha na sanaa mahali wengine walipoona kelele alikuwa mwanamke, Sylvia Robinson. Huyu hakuwa mgeni wa muziki. Alikuwa ameimba wimbo uliovuma mwaka wa 1956, na mwingine tena mwaka wa 1973. Pamoja na mumewe, Joe, alianzisha kampuni ya Sugar Hill Records huko New Jersey. Mwaka wa 1979 alikusanya vijana watatu, mmoja wao akiwa mfanyakazi wa duka la piza, akawaita Sugarhill Gang na kuwarekodi wimbo “Rapper's Delight”. Huo ndio uliowafanya watu wa mbali, wasioijua Bronx hata kwenye ramani, wasikie rapu kwa mara ya kwanza.

Mwaka huo huo alitoa pia santuri ya The Sequence, kikundi cha wasichana watatu kutoka Columbia, South Carolina. Mmoja wao ni yule ambaye baadaye alisifika kwa jina la Angie Stone, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwezi Machi 2025. Kwa hivyo, ndugu msomaji, wasichana hawakuikuta hip hop imeshaiva. Walikuwa jikoni tangu chungu kilipotiwa mekoni.

Jambo kubwa zaidi alilofanya Bi Robinson lilikuja mwaka wa 1982. Alipata wimbo uliozungumzia vioo vilivyovunjika, uchafu, umaskini na hasira za mtaa wa walalahoi. Kundi la Grandmaster Flash halikuutaka. Hoja yao ilikuwa kwamba watu huja dansini kusahau shida, si kukumbushwa. Mama huyo alishikilia uzi ule ule hadi Melle Mel akakubali kuurekodi. Wimbo huo, “The Message”, ndio uliofungua mlango kwa rapu yenye ujumbe. Mwaka wa 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa daima. Sisemi mama huyo alikuwa malaika, kwani wasanii wake kadhaa walilalamika baadaye kuhusu malipo. Hata hivyo, kijana anayeimba leo juu ya ukosefu wa kazi anapita njia ambayo Sylvia Robinson alisaidia kuifyeka.

Jukwaani nako kulikuwa na Sha-Rock, msichana pekee katika kikundi cha Funky 4 + 1. Hiyo “moja” ndiyo yeye. Mwezi Februari 1981 kikundi hicho kilitumbuiza katika kipindi cha Saturday Night Live, na kuwa cha kwanza cha hip hop kuonekana kwenye runinga ya taifa zima la Marekani.

Hip hop si kuimba tu. Kuna kucheza santuri, kuna densi ya kuviringika sakafuni, na kuna grafiti, michoro ambayo watu wa Nairobi tunaijua sana kwa sababu tunaipanda kila siku tukienda kazini. Katika uchoraji alitokea Lady Pink, mzaliwa wa Ecuador aliyelelewa New York. Kuanzia 1979 alichora magari ya moshi ya chini ya ardhi, kazi iliyofanywa gizani, kwenye reli, huku polisi wakivizia. Wavulana walidai kuwa hawezi, na kwamba lazima kuna mvulana aliyemchorea. Akaendelea kuchora hadi wakanyamaza. Huenda binti yako akashangazwa na historia hiyo, lakini hatashangazwa na madai hayo. Ameyasikia kwenye somo la fizikia.

Sasa tufike kwa msichana ambaye kisa chake kinafaa kusomwa mara mbili. Mwaka wa 1984 kikundi cha wanaume, UTFO, kilitoa wimbo wa kumlalamikia msichana aitwaye Roxanne, kosa lake likiwa ni kuwakataa. Katika nyumba za serikali za Queensbridge, mjini New York, alikuwako msichana wa miaka 14 aliyejulikana kwa ulimi wake mkali. Inasimuliwa kwamba alikuwa njiani kwenda kufua nguo alipoitwa na jirani yake, Marley Marl, aingie kurekodi. Akajipa jina la Roxanne Shanté, akawajibu wale wanaume hapo hapo, kisha akaenda zake kufua.

Wapenzi wa taarabu mtalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Yale yalikuwa mipasho. Santuri yake ilipotoka, kila mtu alitaka kujibu. Zikaja nyimbo kadha wa kadha, hata wengine wakajitokeza na kujiita wazazi wa Roxanne. Msichana wa miaka 14 alikuwa ameanzisha malumbano yaliyoshughulisha jiji zima.

Mwaka wa 1985 aliingia katika shindano kubwa la kughani mjini New York. Akawapiga chini wanaume mmoja baada ya mwingine hadi fainali, ambako alishindwa na Busy Bee. Shanté mwenyewe amesimulia kwamba hakushindwa kwa maneno. Anasema alama zilipunguzwa kwa sababu ilionekana ni aibu kwa sanaa changa kama hiyo kutawazwa bingwa aliye msichana tena mtoto. Ilimbidi angoje miaka 40. Mwaka wa 2025 waandalizi wa tuzo za Grammy walimtunuku heshima ya mchango wa maisha. Wahenga walisema haki ya mtu haipotei bali hucheleweshwa. Swali ni je, ni wasichana wangapi waliochoka kungoja wakarudi nyumbani?

Baada yake njia ilipanuka. Mwaka wa 1988 MC Lyte wa Brooklyn alitoa “Lyte as a Rock”, na kuwa mwanamke wa kwanza wa rapu kutoa albamu nzima akiwa peke yake. Kundi la Salt-N-Pepa, lenye waimbaji wawili na mcheza santuri wao Spinderella, wote wanawake, lilivuma duniani kote. Mwaka wa 1992 walibadilisha maneno ya wimbo wao mmoja maarufu ili kuwaonya vijana kuhusu Ukimwi. Kumbuka, msomaji, kwamba humu nchini gonjwa hilo lilitangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Wakati wazazi wengi walikuwa hawajapata ujasiri wa kulitaja mezani, kina dada hao walikuwa tayari wamelitaja kwenye kipaza sauti.

Kisha kuna Dana Owens wa Newark, New Jersey. Jina lake la sanaa, Latifah, alijichagulia akiwa mtoto. Watu wa Mombasa na Lamu hawahitaji mkalimani hapo, kwani kina Latifa wamejaa kwao, na latifu ni mtu mpole, mwenye tabia laini. Mwaka wa 1989, Mandela akiwa bado kifungoni, Queen Latifah alitoa video ya “Ladies First” iliyoonyesha picha za mashujaa wa kike, akiwemo Harriet Tubman na Winnie Mandela, pamoja na mapambano ya Afrika Kusini. Mwaka wa 1993 akatoa “U.N.I.T.Y.”, wimbo uliowakemea wanaume wanaowatusi wanawake barabarani na kuwapiga nyumbani. Huyo ndiye latifu wetu. Upole wake haukumzuia kusema.

Mwaka wa 1999 Lauryn Hill alizoa tuzo 5 za Grammy kwa usiku mmoja. Albamu yake “The Miseducation of Lauryn Hill” ikawa ya kwanza ya hip hop kutuzwa albamu bora ya mwaka. Lakini tusipigie vigelegele mapema mno. Tuzo ya albamu bora ya rapu ilianza kutolewa mwaka wa 1996, na hadi kufikia 2025 ni wanawake watatu tu waliokuwa wameipata: Lauryn Hill akiwa na Fugees, Cardi B na Doechii. Watatu katika miaka 30! Darasani mwalimu angeuliza wasichana wamekwenda wapi.

Hapa kwetu pia hatukulala. Nazizi alishika kipaza sauti akiwa kijana mdogo, kisha akang'ara na Necessary Noize pamoja na Wyre na Bamzigi. Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi, aliiwakilisha Norway katika shindano la Eurovision mwaka wa 2011 kwa wimbo “Haba Haba”, akawaimbia Wazungu kwa Kiswahili. Muthoni, yule Drummer Queen, hakutosheka na kuimba. Alianzisha tamasha la Blankets & Wine mwaka wa 2008 na kuwapa wasanii wengine jukwaa. Naye Femi One, kwa “Utawezana” aliyoimba na Mejja mwaka wa 2020, aliwafanya hata wazee watikise kichwa kidogo.

Najua mama mmoja ananiuliza: na matusi je? Na nguo zile? Swali lako ni halali, mama. Kuna nyimbo, za wanawake na za wanaume, ambazo hazifai kusikizwa na mtoto. Lakini chunguza kama unatumia ratili moja kupima. Ikiwa kijana wako wa kiume anaruhusiwa kusikiza wanaume wakiwatukana wanawake kutwa nzima, halafu binti yako anakatazwa hata kuandika, basi si maadili unayolinda hapo.

Nawe mwanafunzi, usichukue makala haya kuwa cheti cha kutupa vitabu. Lauryn Hill alihitimu shule ya sekondari na kuingia chuo kikuu cha Columbia huku akiimba. Fanya hisabati kwanza, kisha geuza daftari uandike. Siku ukiletewa mkataba, mpe mzazi wako ausome, na umtafute wakili ausome tena, kwa kuwa wengi waliimba na wachache wakalipwa.

Na wewe kaka unayecheka, tafuta santuri ya Shanté uisikize. Ukimaliza, mwombe dada yako akusomee alichoandika. Usimkatize.