Safu ya Nyumbani: Jiko linaoshwa, mahindi yenye ukungu hayaoshwi

Mwezi huu safu yetu inaingia jikoni. Akina mama wengi wameniuliza swali moja: maji ya mvua yaliingia, sasa ukuta una madoa meusi, kinu kinanuka na mahindi yamefanya utando wa kijani. Tufanyeje?

Hapa Quitunda tuko mchanganyiko. Wapo waliohamishwa kupisha mradi wa gesi wa Afungi, na wapo waliokimbia Palma baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021. Mmoja ana jiko la matofali, mwingine la miti, udongo na turubai. Lakini mvua haichagui. Cabo Delgado tumeona kimbunga Kenneth tarehe 25 Aprili 2019, na Chido tarehe 15 Desemba 2024. Baada ya Kenneth, kipindupindu kilifuata mkoani kwetu. Maji ya mafuriko yanapita chooni kabla ya kufika jikoni kwako, kwa hiyo yahesabu kuwa ni machafu hata yakionekana safi.

Haya, tuanze kazi.

Kwanza, zuia maji. Chimba mfereji kuzunguka jiko, ziba panapovuja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ni ufa kweli. Ukisafisha ukungu ukaacha unyevu, wiki ijayo umerudi.

Pili, toa vitu vyote nje, acha upepo na jua viingie. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili tu kwenye kitu kilicholowa, basi usingoje Jumamosi.

Tatu, kuta. Funga kitambaa puani na mdomoni, watoto na mwenye pumu wakae mbali. Ukuta wa matofali na sakafu ya saruji, sugua kwa maji ya sabuni kwanza. Halafu pitisha dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja cha chai kwa maji lita 4. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, maana hewa yake inakuwa sumu. Ukuta wa udongo hauoshwi hivyo. Ukwangue sehemu iliyooza, uache ukauke kabisa, kandika udongo mpya, ukikauka paka chokaa. Chokaa juu ya ukungu ni kuuficha tu, siyo kuuondoa.

Nne, vyombo. Sufuria, sahani na vijiko vya chuma osha kwa sabuni, kisha chemsha. Kinu na mchi sugua sana, mwagia maji ya moto, anika mpaka vikauke hadi ndani. Mwiko au ubao uliopasuka na kuwa mweusi ndani ya nyufa, huo sasa ni kuni.

Mpaka hapo nadhani tumeelewana. Ugumu uko kwenye ungo na kwenye gunia.

Najua mtakavyosema: mwalimu, watoto wana njaa, tutupe chakula? Tutaosha, tutaanika, tutatwanga, moto utaua. Jamani, moto unaua ukungu wenyewe, lakini sumu uliyoiacha ndani ya chakula haiondoki kwa kupikwa. Inaitwa sumukuvu. Inapenda zaidi mahindi na karanga, na makopa nayo hayajasalimika. Haionekani wala haina ladha ya kukuonya. Mwaka 2004 kule Kenya, wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ilikuwa ugali wa kila siku, wa nyumbani kwao. Anayekula kidogo kidogo kwa muda mrefu naye anaharibika ini.

Kwa hiyo gawa chakula chako mafungu matatu. Kilichoingiliwa na maji ya mafuriko, tupa. Kilichoota ukungu gunia zima, au kinachonuka na kupata joto ndani, tupa. Chimbia mbali na kisima. Usiwape kuku wala bata, nao wanakufa, na mbuzi akila sumu inapita kwenye maziwa. Fungu la tatu ni kile kilichonyeshewa mvua tu na hakijaota kitu: hicho ndicho cha kukimbilia leo hii. Kitandaze juu ya mkeka au turubai safi, siyo mchangani, kigeuze mara kwa mara. Kikikauka, chambua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa, kisha koboa. Kuchambua na kukoboa kunapunguza sumu sana, ingawa hakuimalizi.

Utajuaje mahindi yamekauka? Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado yana maji, rudisha juani. Isipoganda, weka gunia juu ya kichanja, lisiguse ukuta.

Na yule aliyelazimika kutupa asikae kimya kwa aibu. Mwambie mkuu wa mtaa wako mapema, na kabla ya kuchimbia muoneshe. Si kila anayeandikwa anapewa, lakini asiyesema hajulikani kabisa. Nasi majirani, nyumba tano zikitoa kibaba kimoja kimoja, familia moja inavuka siku kadhaa bila kurudia gunia la sumu. Hilo tunaliweza bila kusubiri mtu.

Mtoto akionekana macho ya manjano, tumbo limevimba au anatapika sana, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mseme alikula nini.

Baba zangu na kaka zangu, mfereji na kichanja ni kazi yenu pia. Jiko siyo la mama peke yake, ugali tunakula wote.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.