Kinanda na Kifuate Sauti

Harusini Mbwajumali, kisiwani Pate, nilimsikia bibi mmoja akianza wimbo, huku mpiga kinanda cha umeme akiisaka sauti yake. Hakuipata. Hatimaye bibi ndiye aliyeigeuza.

Kisa chake ni wazi. Kinanda hicho huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali maqamu za Rasti na Bayati, tulizozizoea katika taarabu ya udi na fidla, zina sauti zikaazo baina ya hatua hizo. Wahindi nao, wanaohesabu shruti 22, walilalamikia hamoniamu hata All India Radio ikaizuia hewani tangu 1940 hadi 1971.

Sishauri tukifukuze kinanda. Vipo vinavyoweza kushusha noti kwa robo toni. Linalotakiwa ni mpigaji mwenye sikio. Kosa kubwa zaidi ni letu sisi wanafunzi wa ushairi. Twanakili maneno, twahesabu mizani na vina, kisha mahadhi twayaacha kana kwamba ni pambo tu. Utenzi huimbwa. Basi tuzirekodi sauti za wazee wetu kabla hazijajifunza kukitii kinanda.